Kupata tena kaakaa na meno baada ya kutolewa taya la juu: mwongozo kamili wa kizibo kinachoshikwa na vipandikizi

Kabla hujasaini fomu ya ridhaa ya kutolewa taya la juu, muulize daktari wa upasuaji: nani atanitengenezea kizibo, na ataniona lini? Kizibo ni meno bandia yenye sehemu ya juu inayofunga pengo la kaakaa. Jibu linalotakiwa ni kwamba daktari wa meno bandia atakuona kabla ya upasuaji. Nimefanya kazi ya meno bandia kwa miaka mingi, na hili ndilo ningependa kila mgonjwa na kila ndugu anayemsindikiza alishike kuliko jingine lolote humu. Vipandikizi (skrubu za titani zinazokaa ndani ya mfupa), reli za chuma zinazoviunganisha na picha za kompyuta huja baadaye, na vyote hutegemea yaliyoamuliwa kabla kisu hakijagusa mfupa.

Taya la juu lina kazi nyingi. Ndilo dari ya kinywa, yaani kaakaa, ndilo sakafu ya pua na ya tundu la jicho, na ndilo linalozuia shavu lisibonyee. Likiondolewa, kinywa na pua vinakuwa chumba kimoja. Uji unatokea puani. Mtu hawezi kunyonya mrija wala kupuliza moto, na akiongea pumzi inatorokea juu hata watu wa nyumbani kwake wanashindwa kumwelewa. Wengi huacha kula mbele za watu, kisha wanaacha kutoka kabisa. Ndiyo maana sikubali kizibo kiitwe urembo.

Kwetu Afrika Mashariki, wanaofika kwenye upasuaji huu ni wenye saratani ya sinasi ya shavu (uwazi wenye hewa pembeni mwa pua) au ya kaakaa, na wenye uvimbe wa taya usio saratani lakini unaokula mfupa, kama ameloblastoma na miksoma. Ameloblastoma nyingi huota taya la chini. Zile za juu ni chache, ila hupanda kuelekea puani na machoni kimyakimya, kwa hiyo mara nyingi hugunduliwa zikiwa kubwa. India mwaka 2021, wakati wa UVIKO-19, watu wengi walipoteza taya la juu kwa sababu ya fangasi wa mukomaikosisi, hasa waliokuwa na kisukari, na madaktari wa huko wakalazimika kupata uzoefu mkubwa wa vipandikizi virefu vinavyokazwa kwenye mfupa wa shavu.

Hatua ya 1: Siku za kabla ya upasuaji

Hapa nitakaa kwa muda, maana ndipo mambo mengi huharibikia.

Daktari wa meno bandia anakuchukua chapa ya kinywa: kisinia chenye ute mzito kinawekwa juu ya meno yako, kinaganda kwa dakika chache, kinatolewa na alama za kila jino. Alama hizo zinajazwa plasta na kuwa mfano wa taya lako. Daktari wa upasuaji anachora juu ya plasta mahali atakapokata, na maabara inatengeneza kizibo cha kwanza kwa kufuata mstari huo. Bila mfano huo unaamka na shashi tupu, na siku za mwanzo unalishwa kwa mrija wa puani.

Mchukulie daktari picha zako za zamani unazocheka meno yakionekana. Umbo la meno yako, mwanya wako, jinsi mdomo wa juu ulivyokaa, hayo yatakuja kuhitajika mwaka mzima baadaye, na hakuna mtu atakayeyakumbuka kwa kichwa.

Kisha meno. Usikubali meno ya upande usio na ugonjwa yang'olewe kwa kauli ya "tutaweka vipandikizi". Jino lako lenye mizizi imara, upande usio na uvimbe, linashika kizibo vizuri kuliko tunavyoweza kushika kwa njia nyingine, na halikugharimu kitu. Meno yaliyooza yazibwe, fizi zisafishwe. Yale yasiyookoka yang'olewe mapema, na kama kutakuwa na mionzi, yawe yametoka angalau wiki 2 kabla mionzi haijaanza. Kuyang'oa wakati wa upasuaji huohuo ni bora zaidi.

Yapo mambo matatu ambayo daktari wa meno bandia huomba kwa daktari wa upasuaji, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama yamezungumzwa. La kwanza, mfupa ukatwe kupitia tundu la jino lililong'olewa, usikatwe ukigusa jino linalobaki, ili jino hilo libaki na mfupa wa kuliegemeza. La pili, kaakaa gumu libakizwe kadiri uvimbe unavyoruhusu, hasa sehemu ya mbele. La tatu, pengo litandikwe kiraka cha ngozi, kwa kawaida kutoka pajani, maana ngozi inavumilia kuguswa na kizibo kuliko utando laini wa pua unaovuja damu kwa kuguswa kidogo. Uvimbe ndio wenye amri, na hakuna daktari atakayeacha saratani ili kizibo kikae vizuri. Lakini mara nyingi nafasi ya kuchagua ipo, na hupotea kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Hatua ya 2: Kuziba kwa kizibo au kwa nyama na mfupa

Njia ni mbili kubwa. Moja ni kizibo, wengine hukiita obturata: meno bandia yenye sehemu ya juu inayoingia kwenye pengo na kulifunga. Nyingine ni kuhamisha nyama, pengine na mfupa wa mguu au wa bega, pamoja na mishipa yake ya damu, na kuushonea usoni.

Madaktari hupima pengo kwa jedwali la James Brown wa Liverpool, lililotoka mwaka 2000 na kurekebishwa mwaka 2010. Daraja la kwanza ni upasuaji usiofungua njia kati ya kinywa na pua au sinasi. La pili halifiki kwenye jicho. La tatu limeondoa sakafu ya jicho, na la nne limechukua jicho lenyewe. La tano na la sita ni mapengo ya eneo la jicho na la pua. Herufi zinazofuata namba huonyesha ni kiasi gani cha kaakaa kimeondoka. Omba uambiwe daraja lako, kwa sababu hospitali yoyote utakayokwenda italielewa.

Kwa pengo la daraja la pili lenye meno mazuri upande mmoja, kizibo kinatosha na kinafanya kazi vizuri sana. Kinatoka, kwa hiyo daktari anaweza kuchungulia pengo kila unapokwenda kliniki na kuona kama ugonjwa umerudi. Pengo likifika sakafu ya jicho, au kaakaa likiondoka lote, kizibo peke yake kinalemewa: ni kikubwa, ni kizito, na hakina pa kushika. Hapo ndipo nyama, mfupa na vipandikizi vinapohitajika, mara nyingi vyote kwa pamoja.

Hatua ya 3: Vizibo vitatu, kimoja baada ya kingine

Kizibo cha kwanza kinawekwa kwenye meza ya upasuaji, ukiwa bado kwenye usingizi. Ni bamba la akriliki (plastiki ngumu ya meno bandia), kwa kawaida halina meno, limefungwa kwa waya kwenye meno yaliyobaki au kwa skrubu kwenye mfupa. Linashikilia shashi iliyojaza pengo, na linakuwezesha kumeza na kusema maneno siku za mwanzo. Hutolewa baada ya siku 5 hadi 10. Usilitoe mwenyewe, na usipenge kamasi kwa nguvu.

Cha pili ni cha mpito. Kinavaliwa miezi yote kidonda kinapojikunja, na kidonda hujikunja kweli: kizibo kilichokaa sawasawa mwezi huu kinavuja mwezi ujao. Kwa hiyo upande wa pengo unawekewa mpira laini unaobadilishwa kila baada ya wiki chache. Wagonjwa wengi huona kuvuja huko ni dalili kwamba fundi amekosea, wanakata tamaa na kukiweka kabatini. Tafadhali usifanye hivyo. Pengo lisilo na kizibo linajifinya, shavu linavutwa ndani, na kovu likishakauka hatuwezi kulirudisha. Rudi kliniki, mpira ubadilishwe.

Wakati huohuo anza mazoezi ya kufungua kinywa mara daktari anapokuruhusu. Kovu na mionzi hukaza misuli ya taya, na kinywa kisichofunguka hakiingii kizibo wala mashine ya kutobolea. Kipimo cha haraka ni vidole vyako vitatu vikiwa vimesimama kati ya meno ya juu na ya chini. Kwa rula, chini ya milimita 35 kinahesabiwa kimekaza. Chukua vile vijiti bapa vya mbao vya kukandamizia ulimi, vipange kimoja juu ya kingine, viingize mpaka uhisi unavutwa, kaa navyo kwa muda, pumzika, rudia. Mara kadhaa kwa siku, kila siku. Siku kadhaa zikipita, ongeza kijiti kimoja.

Kizibo cha tatu ndicho cha kudumu, nacho ndicho kinachoweza kushikwa na vipandikizi.

Hatua ya 4: Lini vipandikizi viwekwe

Kipandikizi ni skrubu ya titani inayokaa ndani ya mfupa. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua kwamba mfupa hushikana na titani yenyewe bila gundi, na mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, aliyekuwa amezaliwa na ulemavu wa taya. Larsson alivitumia vipandikizi vyake zaidi ya miaka 40. Vya kawaida vina urefu wa milimita 10 hivi. Vile vya mfupa wa shavu, ambavyo Brånemark alivitengeneza akiwafikiria wagonjwa wasio na taya la juu la kutosha, vina urefu wa kuanzia milimita 30 hadi zaidi ya 50.

Suala kubwa la wakati ni mionzi. Kwa saratani nyingi za eneo hili, mionzi huanza ndani ya wiki 6 baada ya upasuaji, siku 5 kwa wiki kwa wiki 6 hivi, jumla grei 60 hadi 66 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Mfupa uliopigwa mionzi unapoteza mishipa midogo ya damu. Kuanzia grei 50 kwenda juu, kuutoboa kuna hatari ya kweli ya mfupa kufa na kutopona.

Kwa hiyo nyakati zinazofaa ni hizi. Unaweza kuwekewa siku ya upasuaji wenyewe, mfupa ukiwa haujaguswa na mionzi. Hili linahitaji mpango kamili na daktari mwenye uhakika na mipaka ya uvimbe. Chris Butterworth na Simon Rogers wa Liverpool waliandika mwaka 2017 kuhusu mbinu ya kuweka vipandikizi vya shavu siku hiyohiyo, kuvipenyeza kwenye nyama iliyohamishwa, na kumpa mgonjwa meno ndani ya wiki chache, kabla ya mionzi. Kama hutapigwa mionzi, kama ilivyo kwa ameloblastoma, subiri kidonda kikomae, miezi 3 hadi 6, na majibu ya maabara yaonyeshe uvimbe umetoka wote. Kama umeshapigwa mionzi, subiri si chini ya miezi 6, na madaktari wengi husubiri mwaka. Mletee daktari barua kutoka kitengo cha mionzi, iwe Ocean Road, Bugando, Kenyatta au kwingineko, inayoonyesha dozi na eneo lililopigwa. Asitoboe mfupa bila kuiona.

Mwambie pia kama umewahi kuchomwa sindano za kuimarisha mifupa kwa ajili ya saratani au mifupa kupungua, kama zoledroniki asidi au denosumabu. Sukari iwe imedhibitiwa, kwa kipimo kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Sigara iachwe kabisa. Sina lugha ya kupunguza ukali hapa, moshi unaua vipandikizi na unairudisha saratani.

Si kila mtu anavihitaji. Anayefaidika zaidi ni asiye na jino lolote la juu, kwa sababu kizibo chake hakina pa kujishikiza. Ukiwa na meno sita mazima, weka fedha yako kwenye chuma chepesi cha kobalti na kromu kinachokumbatia meno hayo. Gharama ziombe kwa maandishi, kipengele kwa kipengele: vipandikizi, reli, kizibo, na matengenezo ya kila mwaka. Bima ijibu kwa maandishi vilevile kabla hujaanza.

Hatua ya 5: Siku ya kuwekewa

Kabla yake utapigwa CT skani, na daktari atapanga kwenye kompyuta kila skrubu inaingia wapi: mfupa wa mbele uliobaki, sehemu ya nyuma ya taya upande uliobaki, mfupa wa shavu, au mfupa wa mguu kama ulihamishiwa usoni. Vya kawaida huwekwa kwa ganzi. Vya shavu vinapita karibu na jicho, na kwa kawaida hufanywa ukiwa umelala usingizi wa dawa, na mtu aliyefunzwa kazi hiyo hasa. Muulize ameshawawekea wagonjwa waliotolewa taya, au ni wale waliopungukiwa mfupa tu. Hizo ni kazi mbili tofauti.

Baada ya hapo mfupa unaachwa ushikane, miezi 3 hadi 6, na zaidi kidogo kwa mfupa wa mionzi. Unaendelea na kizibo cha mpito, kikiwa kimechongwa kisigandamize vichwa vya skrubu.

Hatua ya 6: Reli, kizibo cha kudumu, na majaribio

Skrubu zikishashikana, tunaziunganisha kwa reli ya chuma. Inazifanya zigawane mzigo, jambo muhimu mno kwa mtu aliyetolewa taya, kwa sababu upande wenye pengo hauna chini pa kuegemea na kizibo kinataka kuning'inia kila unapotafuna. Ndani ya kizibo kuna vibanio vya nailoni vinavyoikamata reli: unabonyeza, unasikia kimeingia. Sumaku pia hutumika, ila hupata kutu mate yakipenya ndani yake, na huharibu picha za MRI za kichwa, ambazo mtu aliyepona saratani huzihitaji. Kwangu, reli na vibanio ndiyo chaguo la kwanza.

Sehemu inayoingia kwenye pengo lazima iwe na uwazi ndani. Kizibo kilichojaa akriliki ndani, bila uwazi, kinavuta skrubu kwa uzito wake mchana kutwa. Kipime mkononi siku unapokabidhiwa, na uulize kama kina uwazi.

Usiondoke kliniki bila majaribio haya. Kaa wima, kizibo kikiwa kinywani, shika glasi ya maji, inama mpaka kidevu kikaribie kifua, umeze polepole. Tone likitokea puani, daktari akitoe, aongeze nta laini ukingoni panapovuja, akuambie umeze, usogeze taya kushoto na kulia, ufungue kinywa kwa upana, useme "aa". Nta inajichonga kwa misuli yako yenyewe, kisha maabara inaibadilisha kuwa akriliki. Kama kaakaa laini la nyuma nalo liliondolewa, kazi hii huchukua muda zaidi, kwa maana kizibo lazima kifike mahali koo linapojifunga unapomeza na bado kikuachie pumzi ya puani.

Sauti ijaribiwe kwa maneno yasiyo na m wala n. Sema "baba", "bibi", "papai", "kitabu", "sasa". Kizibo kinachovuja kinaifanya "bibi" isikike "mimi", na "baba" isikike "mama". Ndugu akae nje ya pazia asikilize bila kukuona midomo; ndiye hakimu mzuri kuliko mimi niliyezoea sauti za namna hiyo. Baada ya hapo daktari apake losheni nyeupe ya alama upande wa ndani wa kizibo; vaa, tafuna, toa: mahali losheni ilipofutika ndipo panapobana, pachongwe.

Wiki ya kwanza kula laini: uji, viazi vilivyopondwa, samaki asiye na miiba, ugali wenye mchuzi mwingi. Tafuna upande wenye mfupa. Wali uje baadaye, maana punje zake hupanda kwenye pengo. Waislamu huniuliza kuhusu kupandisha maji puani wakati wa udhu: kidonda kikiwa kibichi usivute maji kwa nguvu, na mweleze sheikh wako hali yako.

Hatua ya 7: Utunzaji, na lini ukimbilie kliniki

Kila baada ya kula, kitoe na ukioshe kwa mswaki laini na sabuni ya maji. Maji ya moto yanapinda akriliki, na dawa ya kufulia nguo inakula chuma. Kioshee juu ya beseni lenye maji, ili kikiponyoka kisivunjike. Pengo lenyewe lisuuze kwa maji vuguvugu ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kichwa kikiwa kimeinamia sinki. Magamba makavu yalowe kwanza, kisha yatoke yenyewe, usiyachokonoe.

Chini ya reli ndipo uchafu unapojificha. Pitisha brashi ndogo ya katikati ya meno au uzi mnene kutoka mbele kwenda nyuma, kila skrubu, kila usiku. Kuhusu kulala nacho, miezi ya mwanzo wengi huambiwa wakivae usiku pia ili pengo lisijifinye. Pengo likishatulia, fuata ratiba ya daktari wako.

Vibanio vya nailoni vinalegea na hubadilishwa kwa dakika chache tu. Kliniki ya upasuaji usiikose, hasa miaka 2 ya mwanzo, ambapo saratani nyingi zinazorudi hurudi.

Nenda wiki hiyohiyo ukiona usaha au damu kwenye skrubu, mfupa ulio wazi usiofunikwa na ufizi, kidonda kisichopona kwa wiki 2, ganzi mpya shavuni, kuona vitu viwili viwili, au kizibo kilichokuwa kinaingia vizuri sasa kinasukumwa nje. Hilo la mwisho usilichukulie kuwa kizibo kimechoka. Huenda kuna kitu kinaota nyuma yake.

Skrubu ya reli ikilegea utasikia reli inacheza. Acha kutafunia upande huo, kula laini, na uende ikakazwe. Hapa kuna tatizo ninaloliona kwa wengi waliotibiwa India au kwingine mbali na nyumbani: wanarudi na vipandikizi vya kampuni ambayo daktari wao hana bisibisi yake, na sehemu za kampuni moja haziingiliani na za nyingine. Kwa hiyo kabla hujaondoka hospitali iliyokuwekea, dai kadi yenye jina la kampuni, aina ya kipandikizi, kipenyo, urefu, namba ya toleo na mahali kila kimoja kilipo. Stika zilizokuja kwenye vifurushi vyake zibandikwe humo. Ipige picha kwa simu, mtumie na ndugu mmoja unayemwamini.